Nyumba ya wazee isiyokula umeme wala maji: maswali tunayoulizwa kila mara

Haya maswali yanakuja sana, kutoka kamati za misikiti na parokia, familia zenye kiwanja cha urithi, vikundi vya watu walioko nje wanaochanga kujenga kituo nyumbani. Nimeyakusanya sehemu moja ili nisirudie rudie. Majibu yameegemea Pwani maana huko ndo nachora ramani zaidi, ila watu wa baridi pia nimewawekea lao.

Kwani sisi Waswahili tunapeleka wazee vituoni? Si mambo ya wazungu hayo?

Vituo vipo siku nyingi tu ndugu yangu. Unguja kuna Sebleni na Welezo, Kigamboni kuna Nunge, Morogoro Fungafunga, Shinyanga Kolandoto, Nairobi kule Kasarani masista wana Nyumba ya Wazee. Waliopo humo wengi ni watu wasio na mtu, watoto wametangulia au hawajulikani walipo. Na siku hizi wanaongezeka wazee ambao watoto wapo na wanawapenda ila wote wako kazini Dar au Muscat na mama kabaki na dada wa kazi wa miaka 17.

Kitu kinachonihusu mimi kwenye hilo ni hela. Zanzibar ilipoanza pensheni jamii 2016 mzee wa miaka 70 alipewa sh 20,000 kwa mwezi, Kenya Inua Jamii ni sh 2,000 za kwao. Hakuna mzee atakayelipia bili ya viyoyozi kwa pesa hiyo, kwahiyo atalipa mfadhili, na mfadhili siku moja anachoka. Kituo ambacho jengo lake linagharimu kidogo kuliendesha ndo kitakachokuwepo miaka 20 ijayo. Ukisoma majibu yote hapa chini ujue nimeanzia hapo.

Jengo la kijani si ndo lile lenye sola juu ya bati?

Hapana, sola naiweka karibu na mwisho kabisa. Kwanza unapunguza mahitaji, yani jengo lipoe lenyewe, liwe na mwanga mchana bila taa, lidake maji, lisitake lifti. Ukishafanya hivo unakuta sola unayohitaji ni ndogo na unaimudu. Wengi wanafanya kinyume, wanajenga tanuri alafu wanatafuta paneli za kulipoza.

Na kwa wazee jambo la joto sio la starehe. Mwili wa mzee hautoi jasho vizuri kama wa kijana, kiu yenyewe haisikii sawasawa, na baadhi ya dawa za presha zinamkausha maji. Ufaransa mwaka 2003 joto la Agosti liliua watu kama 15,000, wengi wao wazee, na ile ni nchi yenye hospitali na ambulensi kila kona.

Jengo liangalie wapi?

Upande mrefu uangalie kaskazini na kusini, ncha fupi ziangalie mashariki na magharibi, na hizo ncha usiweke vyumba vya kulala, weka stoo, ngazi ya tenki, vyoo vya wageni, ukuta mtupu hata. Jua la saa kumi jioni linaingia limelala, hakuna upenu unaoweza kulizuia, na ukuta wa magharibi ukishanywa hilo joto unalirudisha ndani usiku wakati mzee anatafuta usingizi. Kaskazini na kusini jua lipo juu kwahiyo upenu mdogo unatosha, kwa Dar upenu wa sentimita 90 unakupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu ukutani saa sita mchana mwezi wa sita.

Bahati yetu watu wa Pwani upepo nao umekaa kirafiki, kaskazi inakuja Desemba mpaka Machi kipindi cha joto kali, kusi inachukua katikati ya mwaka, kwahiyo jengo jembamba lenye madirisha pande zote mbili linapitiwa na hewa karibu mwaka mzima. Jembamba nimesema, chumba kimoja tu katikati ya upepo na upepo. Ile ramani ya korido katikati na vyumba kushoto na kulia kama gesti inaua upepo wote, tafadhali tusiilete kwenye nyumba ya wazee. Korido itoke nje iwe upenu. Hospitali ya Butaro kule Rwanda iliyofunguliwa 2011 walifanya hivo hivo, korido nje na hewa inapita wodini, pale hoja kubwa ilikuwa kuzuia TB isiambukizane ndani, na kwa wazee wanaokohoa mwezi mzima hoja ni ile ile.

Kuuliza jengo liangalie wapi hakuongezi hata mfuko mmoja wa simenti kwenye BQ (ile orodha ya vifaa na gharama za ujenzi), tatizo watu wanakuja kuuliza msingi ushachimbwa.

Madirisha ya aluminiamu yanafaa?

Yanapendeza, ila yale ya kusukuma pembeni yanafunguka nusu tu, kwahiyo dirisha ulilolipia mita mbili unapata hewa ya mita moja. Alafu unaweka wavu wa mbu unapunguza tena sana. Mimi bado natetea vile vioo vya zamani vya vipande vipande, luva, vinafunguka vyote, kimoja kikivunjika unabadilisha kimoja, na mvua ikinyesha unainamisha kidogo hewa inaendelea. Fundi atakuambia vimepitwa na wakati, mwache aseme. Ubaya wake vumbi linaingia na kama wavu haukukaa vizuri mbu wanapita, kwahiyo hapo usibane hela, wavu uwe mzuri na dirisha liwe kubwa kufidia.

Kizingiti cha chini kisizidi sentimita 60 kutoka sakafuni. Mzee aliyelala au aliyekaa kwenye wilichea anataka kuona nani kapita, na dirisha la kawaida la mita moja linamwonyesha mbingu tu.

Paa je? Bati, vigae au makuti?

Bati rangi nyeupe au ya mwanga mwanga. Najua mnapenda maruni na bluu iliyoiva, ila hizo zinakunywa jua. Chini ya bati acha nafasi, weka matundu ya hewa pande zote na dari juu ya vyumba ili hewa moto itoke kabla haijashuka. Diébédo Francis Kéré yule wa Burkina Faso aliyechukua tuzo ya Pritzker 2022 alianza kujulikana kwa shule ya kijijini kwao Gando, ambako bati limenyanyuliwa juu kabisa ya dari ya tofali za udongo na upepo unapita katikati. Mafundi wetu wa kenchi wanaiweza kabisa, ni vyuma na hesabu tu.

Kingine watu wanasahau: kelele. Mvua ya masika kwenye bati tupu, mzee mwenye masikio mazito hasikii anachoambiwa na muuguzi usiku kucha, dari nzuri inasaidia na hilo pia.

Makuti yanapoza kweli, lakini moto. Watu hawa hawakimbii. Makuti weka kwenye banda la kupumzikia nje mbali na jengo, usilaze mtu chini yake.

Kuta za tofali gani?

Bara, tofali za kufungamana za udongo na simenti kidogo, zile zinazogandamizwa kwa mashine bila kuchomwa. Hazili kuni, udongo unaweza kutoka hapo hapo kiwanjani, na ule wakala wa nyumba bora wa serikali, NHBRA, umekuwa ukizifundisha kwa miaka. Kwanza jaribu udongo wako, kama ni mfinyanzi mtupu au mchanga mtupu haifai. Unguja na Mombasa udongo ni shida ila jiwe la matumbawe lipo, na kuta za mawe na chokaa za mji mkongwe zinapoa vizuri kwasababu ni nene. Chokaa inapumua, unyevu unatoka. Ukipiga plasta ya simenti kali juu ya ukuta wa chokaa wa zamani unaziba unyevu ndani na baada ya misimu michache inaanza kumomonyoka, nimeshaona nyumba za waqfu zimeharibiwa hivo kwa nia njema kabisa.

Tofali za kuchoma za kijijini sizitaki, kila tanuru ni miti.

Kiwanja ni kidogo, tunaweza kwenda ghorofa?

Hapana kama unaweza kukwepa. Fanya hesabu: mteremko wa wilichea ni 1 kwa 12, ghorofa moja ya mita 3 inataka mita 36 za mteremko, bado vituo vya kupumzikia. Lifti inataka umeme na fundi wa mjini. Kama hakuna namna, wazee wote chini, juu waweke ofisi, wafanyakazi na stoo.

Vyoo na bafu vinahusiana vipi na mazingira? Si ni suala la afya tu?

Vinahusiana sana, maana mzee akianguka akavunja nyonga, hakuna sola itakayofidia gharama ile. Wengi wanaanguka usiku wakielekea chooni. Kwahiyo mzee akikaa kitandani aione mlango wa choo, asiutafute. Taa ndogo ya chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, inayowaka yenyewe akishusha miguu, inakula umeme kiduchu sana.

Mlango uwe na upana wa kupitika sentimita 90, ufunguke kwa nje au wa kusukuma pembeni, maana mtu akiangukia mlangoni ule wa kufungukia ndani haufunguki na huwezi kumfikia. Ndani kuwe na duara la mita moja na nusu wilichea igeuke. Sakafu isiwe na kile kizingiti cha kuzuia maji, tumia mteremko mdogo wa sakafu kuelekea kwenye tundu. Choo cha kukaa, urefu sentimita 45 mpaka 48, na bomba za kushikia pande zote zilizofungwa kwenye zege au tofali lililojazwa, sio kwenye bloku yenye uwazi kwa skrubu mbili. Wazee wetu wengi wanatawadha, kwahiyo weka bomba na kiti cha kutawadhia cha urefu wa kukaa, maana kuinua mguu hadi kwenye sinki ndo kuanguka kwenyewe. Ramani nyingi zinazoletwa kutoka nje hazina hiki kitu kabisa.

Marumaru za kung'aa toa. Zinateleza na macho ya mzee yanaona kama kuna maji. Jicho la mtu wa miaka 60 linapata kama theluthi tu ya mwanga linaopata la kijana wa 20, kwahiyo mwanga wa mchana bafuni ni lazima, dirisha la juu au bati moja la kupitisha mwanga.

Maji ya kuogea yapeleke kwenye migomba. Hayo hayana mambo mengi, shimo lenye kokoto na migomba kuzunguka, yanatosha. Ya vyooni ndo yanataka septiki na kama kituo ni kikubwa bwawa la matete la kuyachuja.

Mbona kila mchoro wako una baraza refu hivi? Si eneo linapotea?

Hili swali nimeulizwa na karibu kila mfadhili. Baraza ndo chumba kinachotumika zaidi katika jengo zima na ndo cha bei ndogo zaidi, halina dirisha, halina taa ya mchana, halina feni. Linakinga ukuta na jua, linakinga mvua isiingie dirishani ili dirisha libaki wazi hata masika, na linakaliwa. Mji mkongwe wa Unguja, Lamu, Mombasa, nyumba zina baraza za mawe mlangoni tangu enzi na enzi na wazee wamekaa pale wanasalimiwa na kila anayepita, kahawa inazunguka, bao linachezwa. Yule mzee ukimtoa pale ukamweka kwenye chumba kizuri chenye tivii anakunyamazia ndani ya miezi michache. Nakubali nina upendeleo kwenye hili.

Vipimo: upana mita 2.4 ili watu wakae na wilichea ipite. Kiti cha sentimita 45 na sio chini ya hapo, maana zile baraza za zamani nyingine ziko chini sana mzee akikaa hainuki. Weka na mkono wa kushikia kila baada ya watu wawili. Na sehemu moja ya baraza iangalie barabarani au njia ya watoto wa shule, usiweke ukuta wa mita tatu wenye chupa juu kuzunguka wazee kana kwamba wamefungwa. Fensi ya michongoma na geti linaloonyesha nje inatosha sehemu nyingi.

Na wazee wanaosahau sahau, wanaotoka na kupotea?

Wafanyie njia ya kuzunguka, wakitembea warudi walipotoka bila kukutana na mlango uliofungwa. Uholanzi mjini Weesp kuna kijiji kizima cha wazee wa namna hii, Hogeweyk, cha mwaka 2009, wanatembea kwa uhuru na duka lipo humo humo. Sisi hatuna hela ile ila tuna ua wa ndani, nyumba za Pwani zimekuwa na ua katikati siku zote, jengo likizunguka ua tayari una usalama na una upepo. Panda mti wa kivuli, mwarobaini au mwembe, ila mita kadhaa kutoka ukutani. Milango ya vyumba ipake rangi tofauti tofauti, kiti cha choo kisifanane rangi na sakafu, na usitandike kapeti jeusi, wengine wanaliona kama shimo wanagoma kulivuka.

Kilimo nacho. Weka vitalu vya kuinuliwa, sentimita 70 hivi, mzee anapanda mchicha amekaa. Wengi wao wamelima maisha yao yote.

Maji ya mvua yanatosha?

Peke yake hapana ila yanapunguza sana. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kwa Dar yenye mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka, bati la mita za mraba 300, ukitoa kinachopotea unabaki na kama lita 264,000. Watu 26, wazee na wahudumu, lita 60 kila mmoja kwa siku, ni karibu siku 170. Shida inanyesha kwa mkupuo, kwahiyo ukubwa wa tenki ndo unaamua. Gata zisafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, maji ya kwanza yamwagwe, na ya kunywa yachemshwe au yatibiwe. Andika jina la mtu anayesafisha gata, kama hana jina haitafanyika.

Feni au eisii?

Feni. Vyumba 12, feni ya wati 60, saa 12, ni kama yuniti 9 kwa siku. Eisii ya kilowati moja kila chumba kwa saa 10, hata ukisema inapumzika nusu ya muda, ni yuniti 60. Lakini nisiwe mbishi kupita kiasi: joto la hewa likipita nyuzi 35 feni inaanza kukupulizia moto tu, watu wa Garissa na Lodwar wanalijua hilo, na hata Dar kuna siku za Februari mtu mgonjwa hawezi. Kwahiyo tenga chumba kimoja cha pamoja kilichozibwa vizuri chenye eisii, siku mbaya wote wanakusanyika humo mchana.

Sisi tuko Njombe / Lushoto / Limuru, shida yetu ni baridi

Basi geuza nusu ya niliyosema. Upepo usipite ovyo, madirisha yafunge kweli kweli, dari lazima, na baraza liwe upande wa jua, mwezi wa sita na wa saba jua letu liko kaskazini. Hita ya maji ya sola kwenu ndo uwekezaji wa kwanza, weka na valvu ya kuchanganya maji bombani yasimwunguze mzee ambaye ngozi haisikii haraka. Na marufuku jiko la mkaa chumbani, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu wamelala.

Jikoni?

Gesi, au umeme kwa majiko ya presha, na mkiwa na ng'ombe wawili watatu fikirieni bayogesi. Tanzania taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishapewa tarehe ya mwisho ya kuni na mkaa, 31 Januari 2024, na hata kama nyie ni wadogo moshi na mapafu ya wazee haviendi pamoja. Jiko likae upande upepo unakotokea kwenda nje, sio unaopita vyumbani.

Grili za madirisha tuweke?

Wezi wapo, wekeni, ila kila chumba kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani bila ufunguo uliofichwa kwa meneja. Na mlango mmoja wa kila chumba utoe nje moja kwa moja kwenye baraza, upana wa kutoa kitanda na mtu wake. Nendeni kwa Zimamoto na ramani kabla ya kujenga, wakija baadae watawavunjisha ukuta.

Sasa sola tuweke kiasi gani?

Orodhesha kwanza vitu visivyotakiwa kuzimika: friji la insulini, mashine ya oksijeni kama ipo (zinakula wati 300 na kitu), taa za usiku, pampu ya maji, simu. Hivyo ndo viwe kwenye betri. Feni zinafuata. Pasi na hita zikae kwenye umeme wa gridi, ule wa Luku. Na paneli ziwekwe mahali mtu anafika kufuta vumbi bila kupanda bati kwa miujiza.

Kuna cheti cha majengo ya hivi?

Kipo EDGE cha IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, kinataka upunguze angalau asilimia 20 kwenye nishati, maji na athari ya vifaa vya ujenzi kwa mazingira. Kinasaidia mkiomba hela kwa wafadhili wakubwa. Kwa kituo cha wazee 20 sioni haja kubwa, hela ya ukaguzi wekeni kwenye tenki.

Mimi sina kituo, nina mama mmoja tu kijijini na niko mbali

Wewe ndo wengi. Na wengi wenu mmewajengea wazazi nyumba nzuri zenye ngazi nne mlangoni na choo nje. Usibomoe. Anza bafuni, bomba za kushikia, kiti cha kuogea, sakafu ngumu isiyoteleza. Kisha mteremko mlangoni, ngazi nne zina kama sentimita 60 kwahiyo mteremko ni mita 7 na kidogo, uzungushe pembeni ya nyumba. Kisha taa ya sola njiani kwenda chooni, upenu wenye kiti mbele, na bati lipakwe nyeupe. Kwa mtiririko huo, hela ikiishia popote kazi iliyofanyika ina maana. Pesa usimtumie fundi yote, na kabla ya kumalizia ile ya mwisho mpigie mama video, ashike ile bomba ainuke mwenyewe ukiwa unaangalia, mtu wa nyumbani asimame pembeni yake.